Likizo ya Mama Ratiba

Marubani wawili wakikutana, salamu huwa fupi. Habari za nyumbani hazijafika hata kwa watoto, mmoja keshauliza, "Kwenu siku hizi wanatoa ngapi?" Wataulizana mshahara, posho ya kulala nje, siku za likizo, tiketi za familia. Abiria aliyefunga mkanda huku nyuma anadhani kule mbele wanajadili mawingu. Wapi! Ndege ikishatulia angani, mawingu hayana mjadala. Mjadala ni nani analipwa zaidi ya nani, na kwa nini si mimi.

Kapteni tunayemzungumzia hapa alikuwa na ugonjwa huo kama wenzake, tena wake ulikuwa sugu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amerusha ndege za kampuni yenye mkia wa kijani, ambayo pale uwanjani kila mtu aliiita Kijani tu. Upande wa pili wa uwanja ikaja kampuni mpya yenye mkia mwekundu, ndege kubwa, ofisi za vioo, na sare zinazomkaa mtu hata mwenye kitambi akaonekana kijana. Hao wakaitwa Wekundu. Wekundu walikuwa wanatafuta marubani, na hawakuwa wanatafuta kwa kunong'ona.

Nyumbani Kapteni aliishi na mkewe, mwalimu wa hesabu, watoto wao wawili, na mama yake mzazi. Na huyo mama, pale uwanjani, alikuwa mashuhuri kuliko mwanawe. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpanga zamu wa Kijani. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ngazi, penseli sikioni na raba mkononi, akiamua nani aruke lini, nani apumzike, nani aende likizo mwezi gani. Walimwita Mama Ratiba. Siku moja kijana mmoja, rubani mpya, aliingia mle amenywea kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Mama, mke wangu anajifungua wiki ijayo, na mimi sina siku."

Mama Ratiba akaitazama karatasi, akafuta hapa, akaandika pale. "Nenda. Siku nne. Na akiwa wa kike usimpe jina langu, utamtesa mtoto wa watu bure."

Zamu huandikwa kwa penseli, alipenda kusema, kwa sababu Mungu hakumletea nakala ya ratiba yake.

Sasa, ajabu ni hii: mwanamke huyo aliyewapeleka wenzake angani kila siku ya Mungu, mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Haki alikuwa nayo. Ila kila likizo yake ilipokaribia alitokea mwenye shida kubwa kuliko yake, naye akajifuta mwenyewe na kumwandika huyo. Mganga hajigangi. Akabaki kusimuliwa na marubani, hasa ile safari ya saa moja na nusu asubuhi kwenda mji wa ng'ambo ya ziwa. Kaa dirishani kushoto, walimwambia. Dakika ya ishirini na tatu utaona ziwa. Dakika ya arobaini na moja utaona mlima. Alilijua lile ziwa kama mtu anavyojua chumba cha jirani, hajaingia hata siku moja lakini kila kitu chake amekisikia.

Kapteni alipopata leseni yake alimwahidi mbele ya watu, "Mama, nitakurusha mwenyewe. Safu ya kwanza, dirishani, kushoto." Mama akastaafu. Mwaka wa kwanza mwana akawa kwenye mafunzo ya ukapteni. Mwaka wa pili wakajenga. Mwaka wa tatu mama akaanza kugonga milango kwa bega.

"Presha ya macho," daktari akasema. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kazi. La kushoto lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Dawa ya matone ingechelewesha tu. "Kilichopotea hakirudi, Kapteni. Kama kuna kitu mama anatamani kukiona, akione mwaka huu."

Kapteni alitoka pale amekata shauri. Tena bahati ilikuwa upande wake, kwani likizo yake ya Kijani ilikuwa mwezi unaofuata, siku thelathini nzima. Na Kijani, mzazi wa rubani alipanda bure. Kasoro ilikuwa moja. Tiketi hiyo ya bure ni ya kiti kilichobaki. Mzazi anakaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani mpaka abiria wa mwisho aliyelipa aingie, ndipo aitwe, au aambiwe arudi kesho. Kapteni alishawaona wazee wa wenzake wakirudishwa, wamevaa nguo zao nzuri. Mama Ratiba akae benchi? Miaka thelathini na moja, halafu apandishwe kama mzigo wa ziada? Moyo wake ulikataa.

Ndipo barua ya Wekundu ikaja.

Aliketi mezani jikoni, akapiga mstari katikati ya karatasi. Kushoto akaandika Kijani, kulia Wekundu. Mshahara: Kijani wakitoa mia tatu, Wekundu wanatoa mia tano. Posho: Wekundu. Tiketi za familia: Kijani kiti kikibaki, Wekundu sita kwa mwaka, viti vya uhakika. Likizo: Kijani siku thelathini; Wekundu arobaini na mbili. Hiyo arobaini na mbili aliizungushia duara mara tatu, mpaka karatasi ikatoboka.

Mkewe alikuja akasimama nyuma yake, mikono ina povu la sabuni. "Mwonyeshe mama."

"Mama alikuwa anapanga zamu enzi za penseli. Hii ni mikataba ya siku hizi. Halafu nataka nimshtukize. Nitampa tiketi mkononi, ina jina lake, ina namba ya kiti. Hakuna cha benchi."

"Mimi najua kujumlisha, baba watoto. Sijui wanajumlisha nini. Yeye anajua."

"Arobaini na mbili ni arobaini na mbili, mwalimu. Hata shuleni kwenu."

Mkewe akarudi kwenye vyombo vyake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwahi kuonyeshwa mshahara wa Wekundu. Kapteni akatia sahihi. Wekundu walimtaka tarehe mosi, kwa hiyo zile siku thelathini za Kijani, ambazo zilikuwa zimebakiza wiki tatu zianze, akaziacha. Kijani wakamlipa fedha taslimu badala yake. Alizipokea bila hata kuzitazama mara mbili.

Usiku huo mezani akamwambia mama habari za kazi mpya. Mama aliweka kijiko chini.

"Mkataba umeusoma?"

"Nimeusoma, mama."

"Na ile likizo yako ya mwezi ujao?"

"Nimeiuza. Huku nitapata ndefu zaidi, subiri utaona."

"Haya," mama akasema. "Mungu akutangulie." Kisha akaomba msamaha, akaenda chumbani kwake mapema kuliko siku zote, mkono ukipapasa ukuta.

Miezi miwili ya kwanza Kapteni alikuwa mafunzoni nchi ya mbali, akijifunza ndege mpya kwenye mashine isiyoruka. Aliporudi, Jumapili moja mchana, mama alimwita kibarazani.

"Niletee ule mkataba wako, unisomee. Mimi macho yangu siku hizi yanaruka mistari."

Kapteni akacheka, akaenda kuuleta. Alikuwa na fahari nao. Ulikuwa na jalada gumu.

"Tafuta panapotaja likizo. Siku zao wanazihesabuje?"

Akapekua, akasoma, "Siku arobaini na mbili za kalenda, pamoja na siku za mapumziko zitakazoangukia ndani yake."

Kapteni alikisikia mwenyewe kile alichokisoma kwa mdomo wake. Kijani walihesabu siku za kuruka tu. Siku za mapumziko zilipita bure, hazikuguswa. Thelathini zao zilimweka mtu nyumbani karibu wiki saba. Arobaini na mbili za Wekundu zilikuwa wiki sita kavu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amekula likizo za Kijani bila kuuliza zinapikwaje, kwa sababu aliyezipika alikuwa mama yake.

"Mwaka wa kwanza unapata zote?"

Akapekua tena. "Miezi sita ya majaribio hakuna. Baada ya hapo... kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu."

"Kuchagua mwezi mnachaguaje?"

"Kwa namba ya kuingia kazini."

"Yako ngapi?"

"Mia moja na kumi na nane."

"Kati ya wangapi?"

"Mia moja na kumi na nane."

Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amewahi kuwaona wa namna hiyo, wa mwisho kwenye orodha, wanaopewa mwezi ambao hakuna anayeutaka. "Na familia wanasema ni nani?"

Hapo Kapteni alisoma taratibu, kama mtoto anayefuata neno kwa kidole. "Familia maana yake mke au mume wa mfanyakazi, na watoto wao. Wazazi watahesabiwa baada ya mwaka wa pili wa utumishi."

Kuku wa jirani alipita uani akiwa na vifaranga vyake. Kapteni aliufunga mkataba, akaufungua, akaufunga tena. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo alijisikia mwoga, kwa sababu alikumbuka neno la daktari: mwaka huu.

"Lakini mshahara ni mzuri," mama akasema.

"Ni mzuri, mama."

"Basi. Kaurudishe usije ukachafuka."

Utauliza, kwani hakuwa na siku hata moja ya kupumzika, akanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote na kumpeleka mama yake? Alikuwa nazo. Siwezi kumsingizia. Lakini Wekundu waliruka mbali na waliruka usiku, safari ambazo dirishani hakuna kitu ila giza. Alirudi alfajiri macho mekundu kuliko mkia wa ndege yake, akalala kama gogo siku nzima, ya pili akaamka na kichwa kizito, ya tatu yuko tena kazini. Ile ndege ya asubuhi ya Kijani ilikwenda ng'ambo ya ziwa na kurudi baada ya siku mbili. Hesabu haikukubali. Mara mbili ilikubali, na mara zote mbili alisema, "Mwezi ujao, mama, nikiwa sina uchovu, tufurahi vizuri." Hilo nalo tuliseme.

Mkewe alijitolea. "Mama, twende mimi na wewe. Shule imefungwa."

"Ahsante, mwanangu. Lakini ahadi ni ya mume wako. Nikienda na wewe, nitakuwa nimemwambia ameshindwa. Tumwache. Atapata siku."

Katika mwezi wa saba Kapteni alikwenda ofisi ya zamu ya Wekundu kuomba siku tano. Hakukuwa na penseli pale. Kulikuwa na binti mpole mbele ya kioo cha kompyuta, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena.

"Imekataa, Kapteni."

"Nani amekataa?"

"Mfumo."

"Dada, mama yangu anapofuka."

Binti alimtazama kwa huruma ya kweli, machozi yakamlengalenga. "Pole sana. Ningekuwa na uwezo ningekupa hata kumi. Lakini sina mahali pa kuandika hilo."

Mama yake angepata mahali. Angefuta hapa, angeandika pale.

Mama Ratiba alikuwa na desturi moja aliyotoka nayo kazini. Kila mwezi aliinakili ratiba ya mwanawe kwenye daftari la mistari, kwa penseli: tarehe, safari, saa ya kuruka, saa ya kutua. Ratiba alisomewa na wajukuu. Kisha akakaa na redio yake imtajie saa, na ya kuruka ikifika alisema, "Haya, amenyanyuka," na ya kutua alisema, "Amefika." Akishasema hivyo ndipo alipokula.

Kapteni hakuwa na kawaida ya kulifungua daftari lile. Siku moja ya mwezi wa tisa alilikuta limeachwa wazi juu ya kiti, akalichukua ili akae. Mwezi wa tano, maandishi ya mama yalikuwa kama yalivyokuwa siku zote, yamenyooka kama askari. Mwezi wa sita yalikuwa yameanza kupanda mlima. Wa nane, mstari mmoja ulikuwa umekanyaga mwingine. Akafungua mwezi ule waliokuwa nao. Safari zake zote, kumi na nne, tarehe zote, saa zote, zilikuwa zimeandikwa juu ya mstari mmoja, zimerundikana mpaka pakawa na donge jeusi la penseli, na karatasi yote iliyobaki ilikuwa tupu.

Alikwenda jikoni na lile daftari mkononi. Mkewe alipoliona tu akavuta kiti akaketi.

"Tangu lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Nyumba ameikariri, ndiyo maana hujajua. Amenikataza nisikwambie. Amesema uko angani, una watu mgongoni."

Kapteni alilia pale jikoni, mwanaume mzima na mistari minne ya ukapteni begani, mpaka mkewe akaenda kufunga mlango ili watoto wasisikie.

Likizo ya Wekundu ilikuja mwezi wa kumi. Siku kumi na moja, katika mwezi ambao hakuna aliyeutaka. Siku ya kwanza tu akaenda kwenye dirisha la tiketi la Kijani, akalipa bei ya watu wote, viti viwili safu ya kwanza, kushoto. Akampa mama tiketi mkononi, kama alivyokuwa amepanga. Ilikuwa na jina lake na namba ya kiti. Mama aliipapasa pande zote mbili.

"Ina jina langu?"

"Ina jina lako, mama."

"Majina yote mawili?"

"Yote mawili."

"Wameliandika sawasawa? Maana hawa watu wa tiketi nawajua."

Asubuhi ya safari mama alivaa gauni la maua na viatu vya kufunga. Hawakukaa benchi hata dakika moja. Habari zilikuwa zimetangulia, na watu walitoka nyuma ya kaunta, wapakia mizigo wakavua glovu zao, wahudumu wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. Kapteni wa safari ile, mzee mwenye nywele nyeupe aliyekuwa amebakiza miezi michache astaafu, alitoka chumba cha marubani akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Shikamoo, mama. Ulinipa siku nne, mke wangu alipojifungua."

Mama aliinua uso, akiitafuta sauti. "Marahaba. Wewe ndiye yule uliyekuwa umenywea? Mtoto alikuwa nani?"

"Wa kike. Anafundisha chuo kikuu."

"Ulimpa jina gani?"

"La kwako. Ulinikataza, nikakaidi."

Mama akacheka mpaka akashika kifua. Kisha akatikisa kichwa na kusema masikini mtoto wa watu.

Ndege iliponyanyuka alimshika mwanawe mkono kwa nguvu ambayo Kapteni hakujua bado anayo. "Hayo ni magurudumu," akasema chini walipoyasikia yakikunjwa. "Hapo sasa anageuza kulia." Ikageuka kulia. Uso wake wote ulikuwa umeelekea dirishani. Nje hapakuwa na wingu hata moja. Ilikuwa asubuhi safi ambayo rubani anaipata mara chache kwa mwaka.

"Ishirini na tatu imefika?"

Kapteni akatazama saa. "Imefika."

"Haya, niambie."

"Tuko futi elfu kumi na saba, mama, tunaelekea—"

"Sikuuliza futi."

Kapteni akainama mbele yake akatazama nje. Safari hii alikuwa ameirusha zaidi ya mara mia nne. Dakika ya ishirini na tatu ndipo ndege inapotulia. Ndege ikitulia alikuwa akifungua biskuti, akamgeukia rubani msaidizi na kumuuliza, kwani Wekundu wanatoa ngapi. Ziwa lilikuwa likipita pale kushoto kila mara, na hakuwahi kulitazama kama mtu anayetakiwa kwenda kulisimulia nyumbani.

"Kuna ziwa," akasema.

"Najua kuna ziwa, mwanangu. Likoje?"

Akajifunza pale pale. Akamwambia kwamba ukingoni maji ni ya kijani, na mbele yanakuwa ya bluu, na mahali yanapobadilika kuna mstari, kama mtu amekunja kitambaa. Akamwambia kuna mashua tatu, ndogo kama mbegu za tikiti. Kivuli cha ndege yao kilikuwa juu ya maji, kinakwenda nao. Mama aliuliza kivuli ni kikubwa kiasi gani. Akasema ni kama ukucha. Mama akainua ukucha wake, akaugusa.

Dakika ya arobaini na moja akamwambia mlima. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, mama akajifanya haisikii, akauliza kama mlima umevaa wingu au uko wazi.

"Uko wazi, mama. Uko wazi wote."

"Walisema mara nyingi huwa umejifunika. Tumebahatika."

Ndege ilipoanza kushuka mama akafungua mkoba, akatoa lile daftari na penseli. "Niandikie. Tarehe, safari, saa. Abiria, mimi. Pale pa mwisho andika likizo. Miaka thelathini na moja sijaliandika neno hilo kwenye mstari wangu. Tafuta ukurasa wa nyuma, ambao haujaandikwa."

Kapteni alilichukua, lakini daftari lilifunguka lenyewe katikati, kama linavyofanya daftari kwenye ukurasa uliofunguliwa mara nyingi. Ulikuwa mwezi ule wa siku zake thelathini za Kijani. Ukurasa ulikuwa umefutwa wote kwa raba. Lakini mama aliandika kwa kukandamiza, na jua la dirishani liliingia kwa ubavu, kila herufi ikaonekana imechimba karatasi. Siku yake ya mwisho kazini kabla ya likizo: Kijani, saa moja na nusu asubuhi. Kapteni: mwanangu. Safu ya kwanza kushoto: mimi. Ziwa, 23. Mlima, 41. Na chini yake, kwa herufi ndogo: nimeongea nao, kiti wameniwekea, sitakaa benchi. Mtu asimwambie, anataka kunishtukiza.

Alikuwa amepanga kila kitu. Alikuwa anangoja tu mwanawe aseme. Na usiku ule wa kijiko aliingia chumbani na raba, jicho lake likiwa bado linaona, akafuta ili mwanawe asije akayakuta.

"Umeupata ukurasa?" mama akauliza, uso bado uko dirishani.

"Nimeupata."

"Hauna kitu?"

Akalitazama lile neno mwanangu lililofutwa. Magurudumu yalikuwa yanateremshwa.

"Hauna kitu, mama."

"Haya, andika."

Akaegemeza daftari kwenye goti, akashika penseli, akaandika pale pale juu ya yale yaliyofutwa, tarehe, safari, saa, akifuata mashimo ya herufi za mama yake moja moja. Alipofika kwenye nafasi ya kapteni, akaandika jina la yule mzee.